Barua kwa mdogo wangu anayehama Berlin

Mdogo wangu,

Umeniuliza kuhusu baiskeli, kochi na kilo za mzigo. Hayo yatajipa. Kinachowatesa wanaohama Berlin ni makaratasi, hasa mpangilio wake: kipi kitangulie, kipi kifuate. Ukikosea mpangilio utadai haki zako ukiwa mbali, kwa barua, tena kwa Kijerumani.

Anza na Lisbon, Ureno, unakohamia, kabla hujagusa chochote cha Berlin. Kibali chako cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye mipaka ya wazi, siku 90 ndani ya kila siku 180. Kuhamia huko ni jambo jingine. Viza ya Ureno ya wanaofanya kazi kwa mbali, iliyoanza Oktoba 2022, inataka kipato kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa huko, na huombwa katika nchi unayoishi kihalali. Kwa sasa nchi hiyo ni Ujerumani. Ukishatangaza kwamba umeondoka, unaweza kuambiwa ukaombe Afrika Mashariki. Kwa hiyo viza iwe mkononi kwanza, ndipo utoe notisi ya nyumba.

Nawe usiamini tarehe iliyochapwa kwenye kadi ya kibali. Kibali chako hufa chenyewe ukiondoka nchini kwa nia ya kuhama, au ukikaa nje zaidi ya miezi sita bila ofisi ya wageni kukuongezea muda. Wapo wanaobaki kwenye daftari la wakazi wa Berlin huku wanaishi kwingine, wakidhani wanakilinda. Hawakilindi, na bili zinaendelea kuwafuata. Ujanja huo mimi siupendi hata kidogo.

Notisi ya nyumba ni karatasi yenye sahihi ya kalamu. Barua pepe haihesabiki, WhatsApp ndiyo kabisa. Imfikie mwenye nyumba kabla siku ya tatu ya kazi ya mwezi haijaisha. Ikifika tarehe 2 Juni, kodi yako ya mwisho ni ya Agosti. Ikifika tarehe 10, utalipa hadi mwisho wa Septemba. Itumbukize kwenye sanduku lake mbele ya shahidi. Kama mkataba wako ni wa muda maalumu, huisha tarehe yake na kwa kawaida huwezi kuuvunja mapema.

Dhamana, wao huiita Kaution, haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, na mara nyingi hukatwa kwa vitu vidogo. Maji ya Berlin yana chokaa nyingi, hivyo bafu ndilo linaloangaliwa kwanza. Yeyusha vijiko viwili vikubwa vya unga wa asidi ya sitriki katika lita moja ya maji baridi, paka, acha nusu saa, suuza. Usitumie maji ya moto, kwani hapo asidi na chokaa huganda kuwa ukoko mweupe mgumu kuliko wa mwanzo. Marumaru ya jiwe halisi usiiguse kwa dawa hiyo, inalika. Kuhusu rangi ya kuta, soma mkataba, lakini usikubali haraka: mwaka 2015 mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kwamba mpangaji aliyepewa nyumba isiyokarabatiwa, bila fidia ya maana, hawezi kulazimishwa na kifungu cha mkataba kuipaka rangi. Kazi ya kutoboa na kugonga usiiweke Jumapili. Majirani watakununia mpaka siku unayoondoka.

Siku ya makabidhiano yaandikwe namba na usomaji wa mita, idadi ya funguo na kila dosari. Piga picha. Usichokubaliana nacho usikitie sahihi. Hakuna sheria inayokulazimisha.

Kisha ndiyo Abmeldung, kujiondoa kwenye daftari la wakazi. Haina malipo, na fomu unaweza kuituma kwa posta. Dirisha lake ni jembamba: si mapema kuliko wiki moja kabla ya kuhama, si zaidi ya wiki mbili baadaye. Cheti unachopewa ndicho kinachofungua milango mingine. Bima ya afya itakitaka. Usipowapelekea, wanaweza kuendelea kukudai, tena kwa kiwango cha juu kabisa. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, haikomi yenyewe. Hukoma mwisho wa mwezi ambao taarifa yako imewafikia, kwa hiyo ukichelewa kuandika, ule mwezi umeshaulipa. Tiketi ya usafiri ya Deutschlandticket ifute kabla ya tarehe 10 ya mwezi wako wa mwisho. Mkataba wa intaneti unaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja ikiwa kampuni haitoi huduma unakohamia.

Akaunti ya benki usiifunge. Dhamana inaweza kuchukua miezi sita kurudi, na sehemu yake hubaki ikisubiri hesabu ya gharama za huduma, ambayo mwenye nyumba anaruhusiwa kuileta hadi miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Barua nazo zielekeze kwa rafiki anayebaki mjini, jina lako libandikwe kwenye sanduku lake. Fleti za pale kwa kawaida hazina namba za milango. Posta husoma jina, na lisipokuwepo barua hurudi ilikotoka.

Ile miezi uliyoajiriwa kabla hujajitegemea ulikatwa pensheni. Maadamu haijafika miezi 60 na huna uraia wa Umoja wa Ulaya, unaweza kudai sehemu uliyochanga wewe. Ya mwajiri hairudi. Masharti ni mawili: iwe imepita miezi 24 tangu uache kuchangia kwa lazima, na uwe unaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Ukiwa bado Lisbon, dai hilo lisubiri. Hati za mishahara zibebe kwenye begi la mkononi.