Datsun 240Z: lala chini yake kwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na unisalimie shemeji na watoto. Nimefurahi kusikia umeonyeshwa Datsun 240Z ya mwaka 1972 hapo Nairobi. Gari hilo lina heshima yake huku kwetu: lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Lakini yale yaliandaliwa na kiwanda. Hilo lako lina miaka hamsini ya mvua juu yake, kwa hiyo usitoe hata shilingi ya amana kabla hujalala chini yake.

Wengi hufungua boneti kwanza, na hapo ndipo wanapokosea. Injini yake, iitwayo L24, ni ngumu, na fundi mzuri ataifungua na kuirudisha. Bati ndilo linalomaliza hela. 240Z haina chasisi ya kujitegemea kama pikapu. Inabebwa na sakafu na reli mbili za bati jembamba zilizochomelewa chini yake. Reli zikioza au zikibondwa na jeki iliyowekwa pasipo pake, bodi inalegea na milango haifungi sawasawa.

Nenda na tochi, bisibisi na sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Anzia nyuma ya mlango, pale chini mbele ya gurudumu la nyuma. Matope hujazana ndani yake na bati huoza kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo rangi yaweza kung'aa na chini yake pakawa pati tupu, ile lipu ya kujazia bati lililooza. Pitisha sumaku polepole. Ikishika, halafu ghafla ikawa kama inateleza juu ya sahani ya udongo, hapo pamejazwa pati. Kisha toa betri utazame chini yake, maana asidi huteremka hadi kwenye reli. Mwisho mimina lita moja ya maji kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Yanatakiwa kutokea chini, nyuma ya magurudumu ya mbele. Ukiyakuta kwenye zulia la miguuni, kuna tobo ndani, na kulifikia ni kazi kubwa sana. Kama gari liliwahi kuishi Mombasa au Malindi, rudia ukaguzi wote mara mbili, kwa sababu chumvi haichagui.

Namba ya chasisi ya gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30. Imegongwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini, na ipo pia kwenye kibao ndani ya boneti. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku. Zote zilingane na logibuku.

Sasa injini. Ipashe moto, toa plagi zote sita, kanyaga mafuta hadi mwisho, upime mgandamizo wa kila silinda. Kilicho muhimu zaidi ni zikaribiane. Silinda moja ikiachwa nyuma kwa zaidi ya asilimia 10 na kitu, uliza kwa nini. Kichwa cha injini ni cha alumini, na maji matupu ya bomba huila njia zake, kwa hiyo tumia kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) siku zote. Mwanya wa valvu upimwe injini ikiwa baridi: 0.20 mm za kuingiza, 0.25 mm za kutolea moshi. Mwanya wa pointi za distributa ni 0.45 hadi 0.55 mm.

Kabureta ni mbili, na watu huzilaumu bure. Toa chujio la hewa, inua pistoni ya kila moja kwa kidole. Inatakiwa ipande kwa uzito, kisha ukiiachia ishuke yenyewe na kugonga "tak". Ikipanda kirahisi, oili inayowekwa juu ya kabureta imeisha. Ikikwama, ina uchafu au imepinda. Zote mbili zivute hewa sawa kabla hujagusa skrubu za mchanganyiko.

Umeme uangalie kwa makini: mkondo wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, na boksi la fyuzi huyeyuka. Funga rilei mapema, swichi ndogo ya kubeba mkondo huo badala yake. Harufu ya moshi ndani ya gari mara nyingi hutokana na raba za taa na mlango wa nyuma.

Ukishalinunua, liendeshe kila wiki. Tangi lililokaa nusu huota kutu ndani na kuziba filta. Oili iwe 20W-50. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, na tairi usiziamini kwa kashata (meno yake) pekee: soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, yaani wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Nitumie picha za reli zote mbili na za chini ya betri kabla hujarudi kwa muuzaji.

Wako,
rafiki yako wa siku zote