Kaka, advansi ya kiwanja usiitume kwanza

Kaka, shikamoo.

Mama mdogo kaniambia umepata kiwanja cha ufukweni huku Magu: tambarare, maji yanaonekana, bei ya kutupa. Naandika hadharani kwa sababu mliopigiwa simu na huyo dalali mko wengi.

Wewe umezoea Mwanza mjini, mawe mpaka uani. Ukipita Kisesa, njiani kuja Magu, mawe yanapungua, nchi inalala hadi Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Wazee wetu waliisoma kwa udongo. Juu, karibu na mawe, ni luseni, mchanga wa mihogo na viazi vya michembe. Ukishuka unakuta itogolo, udongo mgumu unaotuamisha maji, penye majaruba ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga: udongo mweusi, unanata masika, kiangazi unapasuka hadi mguu unazama. Kiwanja chako kiko hapo. Jenga uone ukuta unavyocheka.

Halafu maji. Ziwa hili hulishwa na mvua inayolinyeshea lenyewe kuliko mito yote inayoingia, kwa hiyo masika ikizidi, halina simile. Mwaka 2020 lilifika kimo cha 1964 tulichokuwa tukisimuliwa tu. 2024 likapanda tena. Penye mwinuko linakula hatua chache. Kwenye tambarare linakufuata jikoni. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Dalali alianzia kupima wapi?

Kama una hela inakuwasha, leta kwenye dagaa (sangara uwaachie wenye mitaji). Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka mitumbwi inalala na mwalo mzima, pale wavuvi wanaposhushia samaki, unaishi kwa mkopo. Shida kubwa iko nchi kavu. Wengi bado wanaanika mchangani, mvua ikiwakuta pale, umevua chakula cha kuku. Weka hela kwenye chanja, vichaga vya kuanikia juu ya ardhi, siyo kwenye kiwanja. Dagaa wa chanja hawana mchanga, na pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza mjini, wanakopakiwa hadi wa kwenda Kongo, mnunuzi anatafuna mmoja tu anajua.

Ukija, shukia Magu. Tutatembea kutoka luseni mpaka majini, na uvae viatu usivyovionea huruma.