Barua ya Malalamiko: Sauti Sehemu Mbili kwa Wakati Mmoja, na Fundi Mliyetuletea

Ukumbi wa Chama cha Akiba na Mikopo,
Morogoro.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KAZI YA SAUTI ILIYOHARIBIKA NA LUGHA YA FUNDI WENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tulichonunua na bei yake sirudii, ankara mnayo. Masharti ya nyuma ya ankara nayo mmeyaandika wenyewe, likiwemo lile la kwamba fundi haondoki mpaka mteja ajaribu mitambo na kusaini. Naomba nionyeshwe hiyo fomu yenye saini, kwa sababu hapa chamani hakuna aliyeisaini.

Nianze na lililonikaa kooni. Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mkutano mkuu umekwisha kufunguliwa na mgeni rasmi yuko meza kuu, fundi wenu alichukua maikrofoni ya mwenyekiti akawatangazia wanachama: "Mitambo ni mizima. Shida ni huyu mama wa kompyuta. Kompyuta haitoi sauti sehemu mbili, labda mnunue ya pili."

Huyo mama ni mimi. Kwa heshima zote, huo ni uongo, na fundi wa sauti anayeusema hadharani hapaswi kutumwa kwa mteja.

Kazi ilikuwa moja: sauti ya kompyuta iingie kwenye mixa ya ukumbi (mtambo wa kuchanganyia sauti), na wakati huohuo ipite kwenye HDMI, waya wa picha na sauti, hadi televisheni ya hema lililo nje, ambako picha ilikuwa imeshafika. Ni kweli Windows ikiachwa ilivyo hupeleka sauti kwenye kifaa kimoja tu, kile kilichowekwa kuwa chaguo-msingi. Njia ya kuivusha ipo, tena ya kwanza haina gharama. Unabonyeza Windows na R, unaandika mmsys.cpl, unakwenda kichupo cha Recording, unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu na kuruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane. Stereo Mix, kifaa cha ndani kinachonasa sauti inayotoka kwenye kompyuta, itatokea; iwashe. Ingia kwenye Properties zake, kichupo cha Listen, tia alama ya kusikiliza kifaa hicho, na hapo chini chagua HDMI. Basi. Ni dakika tatu kwa mtu asiye na haraka.

Fundi wenu aliijaribu njia hiyohiyo Ijumaa jioni ikamkatalia, na ilikataa kwa kosa lake. Alikuwa ameshaifanya ile kadi ya sauti ya USB mliyotuuzia kuwa chaguo-msingi. Stereo Mix ni ya Realtek, ile kadi iliyomo ndani ya kompyuta, na husikia kinachopita ndani ya Realtek peke yake. Sauti ikipita kwenye USB, yenyewe haina habari. Ule mstari wa kijani wa kupima sauti ulio pembeni ya jina lake haukupanda hata kidogo, na alikuwa anautazama! Ilibaki kuirudisha Realtek kuwa chaguo-msingi na kuchomeka mixa kwenye jeki yake ya milimita 3.5. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mama, wewe kaa na daftari lako."

Kama nia ilikuwa kuilinda kadi yenu ya USB, ambayo kwa haki si mbaya, basi angeachana na Stereo Mix akaweka Voicemeeter Banana, programu ya kugawa sauti kwenda vifaa kadhaa. Unaisakinisha, unaizima na kuiwasha kompyuta (wengi huruka hapo kisha wanalalamika), tokeo lake la A1 unalipa kadi ya USB, la A2 unalipa HDMI, yote kwa WDM (aina ya kiendeshi cha sauti), na Windows unaielekeza kwenye ingizo la Voicemeeter. Vifaa vyote viwekwe 48,000 Hz, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde. Ukiacha kimoja kwenye 44,100 unakaribisha mikwaruzo. Kila kadi ina saa yake ya ndani inayopanga mwendo wa sampuli, na ya A1 ndiyo inayofuatwa na wengine, kwa hiyo pale hukaa kifaa cha kutegemewa. Saa nazo si jambo dogo: kadi mbili zikitofautiana sehemu 50 tu kwa milioni, kwenye 48,000 Hz zinapishana sampuli 144 kila dakika, na bila kitu cha kuzisawazisha, baada ya saa moja zimeachana karibu sehemu ya tano ya sekunde.

Yeye alifanya nini? Alichukua kigawanyio cha hedifoni, kile cha Y, shilingi 45,000 kwenye ankara yenu (mtaani mnajua kinauzwaje), akakivutia waya wa mita 30 hadi hemani. Waya wenyewe ni ule wa kawaida usio na balansi, yaani usiojikinga na kelele za umeme, umelala sambamba na waya wa umeme, chaja ya kompyuta iko soketi ya ukumbini na spika ya hemani iko soketi ya nje. Matokeo yake kila fundi anayajua: mngurumo wa 50 Hz, mzito kama mashine ya kusaga. Kisanduku cha DI, kile kinachotenganisha mitambo miwili kiumeme, chenye transfoma, kingeukata. Hakuwa nacho, wala hakukitaja.

Jumamosi asubuhi akaung'oa waya, akaleta spika ya Bluetooth. Bluetooth ya kawaida huchelewa milisekunde 150 hadi 250. Chukua 200: ni kama spika imesimamishwa mita 68 nyuma ya msemaji. Hema liko mita kumi kutoka madirishani, hivyo waliokaa nje walisikia kila neno la ripoti ya mweka hazina mara mbili, la dirishani kwanza kisha la spika. Wakaomba izimwe. Ikazimwa. Hema likabaki na picha bila sauti.

Na hapo ndipo alipopanda jukwaani. Nalirudia, maana simulizi yangu ya juu niliifupisha kwa adabu. Kwanza aliichomoa kadi ya USB bila kushusha hata fader moja (kile kitelezi cha sauti cha mixa). Mlio uliotoka kwenye spika za ukumbi ulimfanya mzee wa safu ya mbele azibe masikio kwa viganja. Kisha akachukua maikrofoni mkononi mwa mwenyekiti, hakuomba, akaninyooshea kidole: "Shida ni huyu mama wa kompyuta." Watu wakacheka. Ukumbi mzima ulisikia, spika za ndani zilikuwa safi kabisa kwa sentensi hiyo. Wa hemani tu ndio hawakusikia, kwa sababu hemani hapakuwa na sauti. Walipelekewa mdomo kwa mdomo, na kufika saa ya chakula habari ilikuwa kwamba nimeunguza mitambo ya chama.

Kwa hiyo naomba mrudishe fedha za kigawanyio, za waya na za ufundi.

Nimeisoma upya sentensi hiyo na naiona haitoshi. Mrudishe fedha zote, pamoja na kadi ya USB, ambayo imekwisha kurudi ndani ya boksi lake na kebo yake. Mlete fundi mwingine, mwenye DI na anayejua Stereo Mix ni nini, aifanye kazi upya kwa gharama zenu, na safari hii nitasaini baada ya kusikia mwenyewe hemani. Mwombe radhi kwa maandishi, kwa jina la chama na kwa jina langu. Radhi hizo zisomwe na ofisa wenu kwenye mkutano ujao, kwa maikrofoni ileile, zisikike ukumbini na hemani kwa wakati mmoja.

Nawapa siku 14. Hapana, siku saba. Kwenye simu mlinisubirisha wiki nzima. Zikipita, nakala ya barua hii pamoja na ankara itapelekwa Tume ya Ushindani, na mwanasheria wa chama ameshaombwa kuisoma. Vyama vingine vya akiba na mikopo vya mkoa huu huniuliza mara kwa mara nani awafungie mitambo. Nitawajibu.

Wenu katika kazi,
Katibu na Mwendesha Mitambo wa Ukumbi

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mwanasheria wa Chama.

Bisibisi ya fundi wenu imebaki chini ya jukwaa. Aje aichukue akiwa na barua ya radhi.