Oksijeni nayo ni tiba

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba mjukuu wake wa miezi mitatu alilazwa kwa kubanwa kifua lakini hakuandikiwa antibayotiki. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na lalamiko hilo nalisikia karibu kila zamu.

Mara nyingi watoto wa umri huo wanaolazwa kwa kubanwa kifua huwa wameshikwa na kirusi cha RSV. Mtu mzima akikipata hupiga chafya siku chache, akasahau. Kwa mtoto mchanga hushuka hadi kwenye vijirija vidogo kabisa vya hewa, vikavimba na kujaa ute. Antibayotiki huua bakteria, kirusi haikigusi. Kwa hiyo tunamwekea oksijeni, tunamvuta kamasi puani ili apumue na kunyonya, na akishindwa kunyonya tunampitishia maziwa kwa mpira. Matibabu ndiyo hayo, bibi. Mjukuu wako hakutelekezwa.

Wanaonisikitisha ni wale wanaocheleweshwa nyumbani wakimaliziwa chupa ya dawa iliyobaki ya kaka yao. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake dakika nzima. Kwa aliye chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia hapo hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi. Ukiona chini ya mbavu panabonyea kila avutapo hewa, anaguna, au anaachia ziwa kila mara ili apate pumzi, usingoje kupambazuke. Wachanga kabisa, hasa njiti, wanaweza wasikohoe hata kidogo: pumzi inakatika tu, midomo inabadilika rangi. Hao hunitisha kuliko wanaokohoa wodi nzima ikasikia.

Na gazeti lako, Mhariri, nalo nina neno nalo. Sijaona mkiandika kwamba ipo chanjo ya RSV anayochomwa mama mjamzito, kinga ikapita kwenye kondo hadi kwa mtoto, au kwamba ipo sindano ya kingamwili ya kumchoma mtoto mwenyewe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa nchi zote, chanjo ya mama ikianzia wiki ya 28 ya ujauzito. Vifo vya watoto kwa kirusi hiki karibu vyote hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Waandishi wako wawaulize wanaopanga bajeti za afya: zitafika lini kliniki za wajawazito, na nani atalipa?

Muuguzi, wodi ya watoto