Barua ya wazi kwa mdogo wangu, kocha

Mdogo wangu,

WhatsApp unasoma hujibu, tiki za bluu nimeshazizoea, basi naandika huku ambako najua huwa unapita usiku ukikosa usingizi. Wengine mtakaosoma mtatusamehe, haya ni ya nyumbani.

Kwanza ile ya msiba wa bibi ilishaisha. Tiketi ya kutoka Marekani si nauli ya Gongo la Mboto, na mi mwenyewe ndo niliwaambia wajomba wakuache. Usiendelee kuniomba radhi kila ukiniona. Iliyonikwama kooni ni ile ya Jumamosi yako ya kwanza kwenye uwanja wetu wa kikapu, na unaijua.

Umeshuka kwenye bajaji na lile begi jekundu, watoto wamekukimbilia hata kabla hujalipa, nami nikajisemea leo wanangu wamepata mtu. Ukawapanga kwenye mstari wa fri throo, ule wa mitupo huru, mmoja mmoja ashuti. Mi niko kwenye benchi, lile lililoegeshwa tofali, ndoo ya maji katikati ya miguu. Akarusha wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote mpira unaanzia kiunoni, mikono miwili, kama mtu anamwaga maji ya kuoshea vyombo. Ukapuliza filimbi. Ukauliza, tena kwa sauti ya kawaida tu na hiyo ndo inaniuma zaidi, "Nani aliwafundisha kushuti hivi?"

Hakuna aliyejibu. Waligeuka tu, wote 14, wakaniangalia. Nikashika kikombe nikaanza kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Haya, aliyewafundisha ni mimi. Miaka 7, mipira 3, na yote mitatu namba 7, ya wanaume, tuliyorithi kwa wavulana walipopata mipya. Namba 7 ina kama gramu 600, namba 6 ya wanawake ni 510 mpaka 550 hivi, na ringi haina huruma, iko mita 3.05 kwa wote. Sasa mtoto wa miaka 12 mkono kama ufito umpe lile zigo alipandishe kule juu kwa mkono mmoja, kiwiko kimenyooka, kiganja kinavunjika vizuri kama kwenye video zako, atafikisha wapi? Lazima ashuke kiunoni akatafute nguvu. Ningemkataza mpira usingefika, na usipofika wiki mbili mtoto harudi tena. Nikaona bora ashuti vibaya lakini kesho arudi. We ulikuja na mipira 8 ya namba 6, umeitoa upepo umeikunja begini kama chapati, na hili nalisema mbele za watu, hakuna aliyewahi kutufanyia hivo. Ila si ungeitoa kwanza hiyo mipira, wakashuti nayo, ndo uulize? Mwishoni ulipoitoa pampu ipo sindano haionekani, tukatafuta mpaka kwenye majani, watoto wakarudi makwao bila hata kuidunda.

Kuna mahali ulinishinda, sikatai. Yule binti wa Keko anayevaa hijabu, mi nilikuwa namwambia siku ya mechi avue au akae, maana na mimi niliambiwa hivohivo, nikavua, unakumbuka nilivyolia kwenye daladala mpaka konda akatusamehe nauli. We ukasema mbona FIBA, wakubwa wa kikapu duniani, walishairuhusu toka Oktoba 2017. Misimu miwili namkalisha mtoto wa watu benchi kwa sheria iliyokwisha kufutwa! Usiku ule sikulala. Lakini pia, mdogo wangu, ulikuwa unajua na simu yangu ulikuwa nayo.

Najua unanionaje, dada wa mihogo na ndoo. Ila 2009 Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kuingia NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis, Dar nzima kila mwenye mtoto wa kiume mrefu anamleta uwanjani, sisi tunasubiri pembeni mpaka jua linazama, ni wewe uliyetoka intaneti kafe unakimbia, kwamba timu ya wanawake ya chuo kilekile alichotoka Hasheem, Connecticut, msimu huohuo wamecheza mechi 39 wameshinda zote 39. Ukaiandika 39 kwa mkaa kwenye ukuta wa uani, bibi akakuchapa. Tulipopaka rangi kwa ajili ya arobaini yake nilimwambia fundi hapo apite pembeni. Ipo mpaka leo. Hujaingia uani toka urudi.

Na hawa wanaochelewa usiwakimbize raundi kumi kumi. Siku maji yakitoka mtaani hakuna mama anayemwachia binti kabla madumu hayajajaa, saa 10 yako itamkuta bombani. Mi nilikuwa naanza na waliopo. Kuna siku walikuwepo wawili tukafanya pasi za ukutani saa nzima, na mikono yangu bado inanuka mafuta ya kukaangia, na usidhani ilikuwa kulegea, kulegea ningebaki kwenye karai langu nikaingiza hela. Halafu "boksi auti" yako hawaijui, unapiga kelele wanakuangalia tu. Waambie "mzibe kwa mgongo, ndo utafute mpira." Wataelewa, hiyo niliwafundisha, na niliwafundisha vizuri.

Jumamosi nakuja, na ndoo atabeba mwingine.

Ile sindano uliyofuata Kariakoo wiki iliyofuata sawa, ila ya kwanza haikupotea. Ilikuwa kibindoni kwangu muda wote ule nachota maji.