Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati, hafla ya kuwaaga wastaafu na uchaguzi wa mweka hazina vilifanyika kama mnavyojua, na mihtasari mnayo.

Niingie kwenye lililozua maneno: kufutwa kwa semina kubwa ya walimu ya siku 2 na kuanzishwa vikundi vya somo shuleni. Pendekezo nililileta mimi, kamati ikaliridhia, na bado nalisimamia. Semina ile ilimkalisha mwalimu wa darasa la kwanza na wa sekondari kwenye mada moja, vyeti vikatolewa, Jumatatu kila mtu akafundisha vilevile. Wanaosema tumewanyang'anya semina watutajie somo moja lililobadilika.

Kikundi ni walimu 4 hadi 6 wa somo moja. Wanaandaa somo pamoja. Mmoja anafundisha dakika 40, kila mmoja wa waliobaki anafuatilia wanafunzi 3 tu na kuandika wanachosema na kutenda. Siku hiyohiyo wanajadili, aliyefundisha akianza, kisha andalio linarekebishwa na kufundishwa katika mkondo mwingine. Japani wana zaidi ya miaka 100 na utaratibu huu, kwa hiyo si majaribio ya mwenyekiti, kama ilivyodaiwa.

Chukueni hesabu ya sehemu. Mwanafunzi anaandika 1/2 + 1/3 = 2/5, anachungulia kwa jirani, anafuta, anaandika 5/6. Mwalimu aliye ubaoni anaona 5/6 na kuweka vema. Aliyekaa pembeni ameona kwamba mtoto anajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Somo la marudio linaanza na vipande vya karatasi vilivyokunjwa katika sehemu 6 sawa.

Palipoharibika ni pale mjadala ulipogeuka ukaguzi: sauti ndogo, ubao haukufutwa. Kwingine madokezo ya waliofuatilia wanafunzi yaliingizwa kwenye tathmini ya kazi, na tangu hapo tukaletewa masomo ya maonyesho ambayo wanafunzi walishayafanyia mazoezi. Madokezo ni mali ya kikundi, yasitoke.

Vikundi ni 9. Vilivyomaliza mizunguko yote 3 ya kuandaa, kufundisha na kujadili ni 5. Wanachama 62, waliolipa ada 35, waliofika mkutano wa nusu mwaka 21, akidi haikutimia. Walalamikaji wakubwa, kwa bahati mbaya, hawakuwamo katika hao 21.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuyafikia masomo ya sayansi na kuziomba shule zitenge kipindi cha mjadala kwenye ratiba. Ada zinapokelewa leo. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.