Barua ya wazi kwa vijana wa parachichi, Rungwe: mlima wetu ni kisiwa

Wanangu, mugonile.

Nimesikia mmepanga kufyeka bonde la kijito hadi kwenye mpaka wa hifadhi ili mpande miche mingine ya parachichi. Sina ugomvi na parachichi. Limesomesha wajukuu zangu. Naomba tu mnisikilize habari za kinyonga kabla hamjanoa mapanga.

Mlima Rungwe na milima ya Poroto ni visiwa. Ninyi hamuioni bahari yake, lakini kinyonga wa msituni anaiona: ni viazi, chai, milingoti (mikaratusi) na barabara, vimemzunguka pande zote. Yule ni kiumbe wa ukungu na matawi, mwendo wake wa kujivuta. Shamba tupu halivuki. Ndiyo maana tunao vinyonga ambao nje ya milima yetu hii ya nyanda za juu kusini hamtawakuta popote duniani. Yupo wa pembe tatu, asiyetaga mayai bali huzaa watoto. Yupo mdogo wa pembe moja, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2009 tu. Kundi lake wataalamu wameliita Kinyongia, neno letu wenyewe! Nasi tunampiga mawe kwa kuogopa nuksi. Nilimpiga mimi nilipokuwa mdogo, na hadi leo naona aibu.

Sasa joto. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Kwa hiyo hewa ikiongezeka joto nyuzi 1, ubaridi aliouzoea kinyonga unahamia juu kama mita 170, naye hana budi kuufuata. Apitie wapi, ikiwa miti ya kijitoni mmeimaliza? Na akifika kileleni, mita 2,960 hivi, hapo mlima umekwisha. Kule Indonesia, mjusi mkubwa wa Komodo anatishwa na bahari inayopanda. Mwaka 2021 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza katika kundi la walio hatarini kutoweka. Wetu anafukuzwa na joto, nalo linapanda kutoka chini vilevile.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Najua mnaziona ni mita za hasara, kila shina mmeshalipigia hesabu ya kilo. Lakini ukanda huo ndio ngazi ya kinyonga, na ndio kivuli cha maji mtakayomwagilia hiyo miche kiangazi. Uacheni na miti yake ya asili, msipande milingoti humo. Kuhusu moto wa kusafishia mashamba sina maneno mengi: msiuwashe jirani na msitu. Na mtu akija kuwalipa mumkamatie vinyonga, mrudisheni alikotoka.

Jumamosi asubuhi nitakuwa kijitoni na kamba na vijiti. Tutapima zile mita 60 pamoja, pande zote mbili, tuanzie pale kwenye daraja la magogo.

Babu yenu,
Tukuyu